Bibi wa Chai na Mashine Zisizolala

Mara ya mwisho mliniacha nimesimama nje ya chumba cha mikutano, sinia la vikombe mikononi, nikimsikia mkwe wangu akisema kule ndani, "Mwizi hakutoka nje. Mwizi ni wa humu humu."

Aliyeikosa sehemu hiyo asihangaike, nitamsogezea kiti.

Mimi ni bibi wa chai kwenye bohari ya dawa. Hospitali zinaagiza, sisi tunapakia. Mwanzoni mwa mwaka wezi wa kompyuta walitufungia mashine zote wakiwa huko huko walikojificha, na magari ya dawa yakalala uwanjani kama ng'ombe wagonjwa. Mkurugenzi akaapa haitatokea tena. Akatangaza kazi ya mlinzi wa kompyuta, wakafanya mtihani watu wengi, na aliyewashinda wote alikuwa mke wa mwanangu wa mwisho, ambaye naishi naye nyumba moja.

Nilifurahi kama nimeajiriwa mimi.

Siku yake ya kwanza alitukusanya, tumbo lake la mimba ndiyo kwanza limeanza kuonekana, akatuambia kwa upole kabisa: "Kuanzia leo mfumo wetu haumwamini mtu yeyote. Si kwa sababu ninyi ni wabaya. Ni kwa sababu mwizi akija, atakuja amevaa sura ya mmoja wenu. Kwa hiyo kila mlango utakuuliza wewe ni nani. Ukitoka ukarudi, utaulizwa tena. Na kila mtu atafunguliwa kile tu anachokihitaji kwa kazi yake."

"Na Mkurugenzi je?" mtu akauliza.

"Naye ataulizwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitaulizwa kuliko wote."

Watu wakaupa mfumo jina siku hiyo hiyo. Wakauita Sikujui.

Basi. Nilisukuma mlango kwa bega nikaingia na sinia langu.

Walikuwa wamekaa kuzunguka meza ndefu. Mkurugenzi kichwani, kalamu mkononi. Mkwe wangu mbele ya ile skrini kubwa ya ukutani. Mfamasia mkuu, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, kidole chake bado kimefungwa bendeji. Na peke yake upande wa pili, kama mtoto aliyeitwa ofisi ya mwalimu, yule mtunza stoo tunayemwita Bwana Taratibu.

Hakuna aliyeniambia nitoke. Anayemimina chai huwa haonekani.

"Turudie," alisema Mkurugenzi. "Jana mchana nilikuwa safarini. Watu wote wa ghorofa hii walikuwa chini, wanakula. Wakati huo huo mtu akaruhusu gari la dawa za sukari liende zahanati ambayo haipo duniani. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema mkwe wangu.

"Ruhusa ilitoka mashine gani?"

"Hapo ndipo Sikujui alipochanganyikiwa. Tumeweka kwamba mashine isipoguswa kwa dakika chache inalala yenyewe, na kuiamsha ni lazima mwenyewe awepo. Jana mchana zote zilikuwa macho. Zote, na wenyewe wako chini na sahani zao. Hatukuweza kutofautisha ipi ni ipi. Kwa hiyo Sikujui akaifunga ghorofa nzima."

"Na milango?"

Mkwe wangu alisita kidogo. Nampenda kwa hilo. Kuna watu husema jambo baya haraka ili walimalize, yeye hulisema polepole kama anayemtoa mtu kibanzi.

"Milango ya vyumba vya wafanyakazi jana mchana ilifunguliwa na kadi moja. Chumba baada ya chumba. Kadi ya Bwana Taratibu."

Kikombe kikagonga sinia.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoungama.

Ile kulala kwa mashine iliwatesa watu. Mfamasia akienda msalani tu, akirudi mashine imelala. Aiamshe: neno la siri refu kama treni, kisha namba inayotumwa kwenye simu, kisha kidole. Na kidole chake chenyewe kilikuwa kimebanwa na mlango wa gari. Nilimwona siku moja amekaa mbele ya mashine yake anafuta machozi, anaiambia, "Mimi si ndiye yule yule niliyetoka sasa hivi?"

Roho iliniuma. Mchana uliofuata, nilipopita kukusanya vikombe wakati wenzangu wako chini, nilikitikisa kile kipanya cha mashine yake. Nilikuwa nimewaona wenyewe wakifanya hivyo. Mashine ikabaki macho.

Nikasema, na huyu jirani yake je, amekosa nini? Nikakitikisa na chake.

Tangu hapo kila mchana nilizunguka mara kadhaa. Sikumwambia mtu. Wenyewe wakawa wanarudi kutoka kula, wanakuta mashine ziko macho, wanafurahi. "Naona Sikujui ameanza kutuzoea," wakasema. Nami nikacheka kimoyomoyo, kama mtu aliyemwachia jirani zawadi mlangoni akakimbia.

Na milango? Mimi nina kadi yangu, ninaivaa shingoni. Lakini nimeshika sinia, vikombe, chupa ya chai. Mikono miwili tu Mungu aliyonipa. Bwana Taratibu huwa hashuki kula, tumbo lake halipendi mafuta ya jikoni kwetu. Akiniona nakuja na mzigo, anainuka, anagonga kadi yake, anashika mlango. "Pita, Bibi yangu." Mlango huu, na ule, na ule. Kisha anarudi kukaa.

Na hilo nalo lilikuwa limekatazwa. Kadi moja, mtu mmoja, limebandikwa kila ukuta. Anayemfungulia mwenzake na anayefunguliwa, wote wawili kazi basi.

Nilimtazama. Alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa anatazama mikono yake.

"Bwana Taratibu," Mkurugenzi akasema, "polisi wako langoni. Nimewaomba wasubiri kwa sababu nimefanya kazi na wewe miaka mingi. Nieleze. Ulikuwa unafungua milango ya watu kufanya nini?"

"Nilikuwa nanyoosha miguu."

"Chumba kwa chumba?"

"Miguu yangu mirefu, Mkurugenzi."

Mfamasia alitaka kucheka akalia.

"Una watoto watatu," alisema Mkurugenzi. "Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikuwa nanyoosha miguu."

Nikaweka sinia mezani.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakunisikia. Nawaambia, anayemimina chai haonekani wala hasikiki.

"Ni mimi!" Safari hii nilipiga meza, na chai ya Mkurugenzi ikamwagika. "Mashine nilizitikisa mimi. Milango alinifungulia mimi, nimeshika sinia. Huyu hana kosa zaidi ya malezi mazuri."

Kisha Mkurugenzi akatabasamu, lile tabasamu la kumtuliza mzee.

"Bibi, nakuheshimu. Najua unavyompenda kila mtu hapa. Lakini huwezi kumbebea mtu kosa kama unavyombebea chai."

"Simbebei. Ni langu."

"Bibi, nyamaza," alisema Bwana Taratibu kwa sauti ya chini. "Mwache, Mkurugenzi, umri huo."

"Umri gani?" nikamgeukia. "Unataka uende jela kwa ajili yangu halafu uniite mzee? Chagua kimoja!"

Nikamtazama mkwe wangu. Nikasema, huyu ananijua. Huyu ndiye anayenikata kucha za miguu Jumamosi tangu mgongo uanze kunisumbua, na hajawahi kunisengenya kwa mwanangu hata mara moja. Huyu ataniamini.

"Mwanangu," nikamwambia, "waambie. Ulishawahi kusikia nimesema uongo?"

Macho yake yalilowa kidogo. Akasema, "Mama, siwezi kulikubali neno lako tupu."

"Nakiri kosa, mwanangu. Kosa! Siombi nyongeza."

"Hata kosa, Mama. Hasa kosa. Watu hukiri ili kuwaokoa wanaowapenda. Lazima tuthibitishe."

Nimelea watoto sita. Nimewasaka chini ya vitanda, nimewabana wakiri na wakakana, na mate ya sukari yakiwachuruzika. Sikujua kwamba ipo siku nitakuwa na kosa langu halali, safi, nalitoa mwenyewe hadharani, halafu niambiwe nilete shahidi.

"Basi nipimeni," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkwe wangu akaifungua ghorofa kwa muda. Akaketi mbele ya skrini kubwa, ambapo kila mashine ilikuwa na taa yake ndogo: ya kijani ikiwa macho, nyeusi ikiwa imelala. Wenyewe wakaitwa wakaziamsha zote, kisha wakaondoka. Kisha akasema, "Mama, fanya kama jana. Usiongeze, usipunguze."

Nikashika sinia langu, na vikombe vyake, na chupa. Bwana Taratibu akainuka kunifungulia mlango.

"Kaa chini!" Mkurugenzi akafoka.

"Amesema kama jana," akajibu Bwana Taratibu, akagonga kadi, akashika mlango. "Pita, Bibi yangu."

Nikapita. Chumba cha wahasibu, nikaweka sinia, nikatikisa huku na huku. Chumba cha usafirishaji. Kwa mfamasia, yeye mwenyewe akinifuata nyuma nyuma. Nilipokishika kipanya chake alinikamata mkono.

"Kumbe ni wewe, Bibi," akasema. "Na mimi wiki zote hizi nadhani mashine imenionea huruma."

"Usiniguse, napimwa," nikamwambia, lakini nilimbana mkono kidogo kabla ya kuuachia.

Niliporudi mkutanoni dakika za kulala zilikuwa zimeshapita. Skrini bado ilikuwa imejaa taa za kijani. Mkwe wangu alikuwa ameweka picha ya jana pembeni na ya leo pembeni, na jana na leo zilifanana kama mapacha: mashine zile zile, kwa mpangilio ule ule, mlango ule ule, kadi ile ile. Hata pale nilipokaa kidogo kwa wahasibu kupumzisha kiuno, palionekana.

"Ni kweli," akasema mkwe wangu. "Ni Mama."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kupatikana na hatia. Nilikaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyenikaribisha.

Mkurugenzi akajifuta uso. "Bwana Taratibu, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimemfungulia Bibi mlango? Mngemfukuza yeye."

"Na wewe pia."

"Mimi nilikuwa nafukuzwa tayari."

Mkurugenzi akanyoosha mkono juu ya meza. Bwana Taratibu akautazama, kama anayetafuta mahali pa kugonga kadi, kisha akaushika. Mfamasia akalia wazi wazi sasa. Nikaanza kumimina chai, maana sikuona kitu kingine cha kufanya, na nikadhani mambo yamekwisha.

"Hayajaisha," alisema mkwe wangu.

Alikuwa hajageuka. Bado anatazama skrini.

"Mama, unajua ulichokuwa unafanya? Kila mchana uliziweka macho mashine zote kwa pamoja. Aliyekuwa anataka kujificha hakuhitaji kufanya lolote. Wewe ulimfunika shuka."

Sikujua wema unaweza kutumika hivyo.

"Lakini sasa naweza kulitoa hilo shuka," akaendelea. "Taa zako zote za leo, naziondoa kwenye picha ya jana. Kitakachobaki si chako."

Akabonyeza. Taa zikazimika moja moja. Kwa wahasibu. Usafirishaji. Kwa mfamasia. Stoo.

Ikabaki moja.

"Ile ni ya nani?" aliuliza mfamasia.

Chumba kilikuwa kile cha mwisho, karibu na ngazi ya nyuma, na wote tulikijua. Ilikuwa mashine ya Mkurugenzi.

"Mimi nilikuwa safarini!" Mkurugenzi alisimama. "Niliufunga mlango mwenyewe! Bibi, ulipita mle?"

"Mle siingii usipokuwepo," nikasema. "Na leo sikuingia. Mmeona."

"Basi nani alifungua mlango wangu?"

"Hilo liko," alisema mkwe wangu. "Mlango wako sikuwa nimeuangalia, maana ulikuwa safarini." Vidole vyake vilikwenda kwenye vitufe. Yeye ni mtu wa haraka kazini, lakini hapa alikwenda polepole, kama anayemtoa mtu kibanzi. Jibu likatokea kwenye skrini, maneno madogo ambayo macho yangu hayakuyafikia.

Akalisoma kimya. Kisha akalisoma kwa sauti.

"Mlango ulifunguliwa mchana, na mashine ikaamshwa, kwa kadi ya mlinzi wa kompyuta."

"Yaani nani?" Mkurugenzi akauliza, ingawa bohari nzima ina mlinzi wa kompyuta mmoja.

"Yaani mimi."

Mfamasia akasema, "Kuna kosa. Mashine imekosea."

"Haikukosea." Mkwe wangu akavua kadi yake shingoni akaiweka mezani, katikati, karibu na chai iliyomwagika. Kisha akabonyeza kitu kingine, na skrini ikawa nyeusi. "Nimejifungia nje. Anayetiliwa shaka anafungiwa kwanza, anaulizwa baadaye. Niliiandika mimi hiyo sheria."

"Subiri kwanza," alisema Mkurugenzi, na nikaona kwamba maskini hakutaka awe yeye. "Hebu tusikimbilie. Una maelezo. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kliniki. Kupima mimba."

"Kadi yako haionyeshi kwamba ulitoka langoni."

"Nilipitia pembeni mwa gari la mizigo. Mlinzi wa lango aliniona nimechoka, akanifungulia bila kadi."

"Wewe?" alisema Bwana Taratibu. Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu.

"Mimi," akasema. "Na kadi niliiacha kwenye mkoba, juu ya meza yangu. Mtu yeyote angeweza kuichukua."

Yalikuwa maelezo. Kwa mtu mwingine yeyote yangetosha. Lakini hapo mbele yetu, juu ya kiti chake mwenyewe, alikaa mwanamke aliyetufundisha wote kwamba maelezo hayatoshi. Nje, kupitia dirishani, gari la polisi lilikuwa bado langoni. Walikuja kuchukua mtu mmoja na walikuwa wanasubiri kuambiwa ni yupi.

Akanigeukia.

"Mama," akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo. "Waambie. Jana asubuhi si nilikuaga kwamba mchana nakwenda kliniki?"

Aliniaga, kweli. Akiwa mlangoni, anavaa viatu, mwanangu amemshika bega asianguke. Nikamwambia asisahau kunywa maji.

Lakini nitawaambia ninyi ambacho nilikuwa sijamwambia mtu. Jana mchana, nilipotoka chumba cha mfamasia na sinia langu, nilimwona. Alikuwa amesimama kule mwisho, mbele ya mlango wa Mkurugenzi, peku, viatu vyake mkononi. Nikasema moyoni, maskini, miguu imemvimba, amevivua apumzike. Mimba zangu zote zilinivimbisha hivyo hivyo. Nikaona haya asije akajua nimemwona. Nikageuka taratibu, vikombe visigongane, nikarudi nilikotoka.

Nilidhani ni wema.

"Bibi," alisema Mkurugenzi.

Wote walikuwa wananitazama. Mfamasia. Bwana Taratibu, aliyekuwa tayari kwenda jela kwa ajili yangu. Mke wa mwanangu, hapepesi macho. Nilingoja wadai shahidi. Nilingoja waseme, thibitisha, zunguka tena na sinia lako. Hata mmoja hakusema hivyo.

Mkurugenzi akaweka kalamu yake chini.

"Wewe ndiye mtu pekee humu tuliyempima leo tukamkuta mkweli," akasema. "Ukisema alikwenda kliniki, basi alikwenda. Sema tu, Bibi. Sisi tunakuamini."